Matofali ya Bweni la Kabula

Jumatano, Geita

Kabula mjukuu wangu, tangu mavuno hujakanyaga kwangu, na chuo chenyewe kipo hapo tu! Nimekukasirikia.

Leo nimepita wanapojenga bweni lenu jipya. Mhandisi akajisifu, "Bibi, matofali haya hayachomwi, hatukati hata mti." Nikafurahi. Kisha nikashika udongo wake. Ni marudio, mchanga unaobaki tukishakamata dhahabu kwa zebaki!

"Mwanangu, hii ni sumu."

"Bibi, umesomea wapi?"

"Mwaloni, nikiosha dhahabu mpaka vidole vikaanza kutetemeka."

Akacheka. Mashine ikaendelea kufyatua.

Moyo hautulii. Mwezi ujao mnahamia humo, na mimi nani atanisikiliza...

Ukija, beba na godoro lako. Utalala kwangu.