Protekta Zilizofutwa kwa Mate

Mbinga Mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na sasa unashuka ziwani mwenyewe bila kushikwa mkono. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanipasua midomo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatisha nikimtaja mjomba. Nimeacha kazi kwenye duka lake la simu. Najua ni kaka yako, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Juzi alikuja mama mmoja mkulima wa kahawa, ana simu mpya aliyotumiwa na mwanawe. Akaniuliza abandike kwenye skrini protekta ya kioo au ya plastiki. Nikamweleza kwamba ya plastiki inazuia mikwaruzo tu, lakini simu ikianguka, ya kioo hupasuka yenyewe na simu ikapona. Akachagua ya kioo.

Mjomba akaichukua ile simu, akageukia ukutani. Akabandua protekta kwenye simu mbovu ya mtu mwingine, ina mafuta ya mashavu na uchafu mweusi pembeni. Akaitemea mate hiyo protekta, Mama. Akaisugua kwa pindo la shati lilelile analofutia jasho, akaibandika.

"Mpya kabisa hiyo, mama," akasema, akitabasamu.

Yule mama akaiweka simu sikioni ampigie mwanawe.

"Mama, itoe usoni," nikamwambia. "Imetumika, na imefutwa kwa mate."

Mjomba akacheka. "Mate tu hayo. Yatamuua?"

Yule mama hakugomba. Alijifuta shavu kwa khanga, akarudia kulifuta, kisha akaibandua protekta kwa kucha na kuiacha mezani. Akamuuliza mjomba, "Mama yako ungembandikia hii?" Akaondoka.

Mjomba akaiokota, akairudisha kwenye boksi imsubiri mteja mwingine. Hapo ndipo nilipochukua mkoba wangu.

Nimehamia kwa rafiki yangu wa kanisani, tunachambua kahawa pamoja. Vumbi linanikereketa koo, lakini sasa nakula bila kinyaa.

Nisalimie baba mdogo anayeshona nyavu, na shangazi wa kwaya. Mdogo wangu asiache shule.

Mjomba atateremka Liuli Jumapili kukuomba unirudishe. Mpikie ugali na samaki, ni ndugu yako. Ila akitaka kukubandikia protekta ya zawadi, simu yako usimpe.

Mwanao anayekukumbuka,
Upendo