Kumnonesha Kondoo wa Akika

Jumatano, 1 Septemba 1937

Asubuhi kama jana. Maji kisimani, kondoo wawili, kisha cherehani barazani. Majani hapa Pangani yetu ya kando ya barabara ya Morogoro, si ule mji wa baharini, yamekwisha, yaliyobaki ni miiba. Nimewapa kondoo pumba za mpunga. Wamezipuliza, zikanirukia machoni.

Zainabu, mke wangu, bado yuko kwao Kibuta na mtoto. Alikwenda kujifungua kwa mama yake kama ada ilivyo. Arobaini imepita na angekwisharudi, lakini baba yake, Mzee Kibwana, hataki. Watoto wetu wawili tumewazika hapa Pangani, wote kabla hawajaota jino, wala hatukuwahi kuwafanyia akika. Huyu ni wa tatu, na jina lake ni Tatu. Mzee anasema Tatu hatoki Kibuta mpaka achinjiwe kondoo, watu wale washibe, wamwombee. Na kondoo awe amenona. "Mkia wake ujae kiganja changu, mkwe," kasema, akaninyoshea kiganja. Kiganja chenyewe kama sepetu.

Siku ameiweka yeye. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, kabla ya mfungo.

Wa kununua hayupo. Serikali imetia karantini, mifugo ya bara haipiti barabara ya Morogoro. Kondoo wa huku wote ni mbavu tupu. Nina hawa wawili tu. Yule mkubwa ndiye tegemeo langu.

Jumamosi, 4 Septemba

Nimepata maganda ya muhogo. Watu wamemenya mihogo michungu ya kufanyia makopa, maganda wameyatupa lundo zima nyuma ya nyumba. Najua mtu hali muhogo ule mpaka uanikwe. Lakini tumbo la kondoo si tumbo la mtu. Nimejaza pakacha. Yule mkubwa ameyafakamia, mdogo kasukumwa pembeni. Nimefurahi kumwona mnyama anakula.

Jumapili, 5 Septemba

Mkubwa amekufa.

Nimemkuta amelala ubavu, povu mdomoni, miguu inapiga hewa. Nikakimbilia kisu nimchinje angalau aliwe. Nilipotoka ndani alikwishakata roho. Nyama yote mzoga. Nimemfukia mwenyewe.

Bi Kidawa, jirani yangu, mtu mzima, alisimama ugani akanitazama nikichimba. "Ungeyaanika, baba. Muhogo mchungu mbichi unaua hata ng'ombe." Ananiambia sasa. Nilitaka kumtupia jembe.

Mimi mjinga. Hakuna neno lingine.

Alhamisi, 9 Septemba

Huyu mdogo ndiye aliyebaki. Meno ya mbele ya utoto ameangusha, kwa hiyo umri unafaa. Mwili haufai. Mkia wake unaning'inia kama soksi iliyovuliwa. Mwalimu wa msikitini amenikumbusha kwamba kondoo aliyekonda hivi hafai kwa akika hata kwa sheria, sembuse kwa Mzee Kibwana.

Naanika maganda juu ya paa sasa. Nyumba imegeuka ghala. Anayala makavu na pumba, tumbo linavimba, mkia uko vile vile.

Jumapili, 19 Septemba

Nimerudi kutoka Kibuta, miguu imechubuka. Nilimpa Mzee shikamoo, akaitika marahaba, na neno la pili likawa, "Mkia?" Nikamwambia unajaa. Uongo mtupu.

Na Zainabu tulizungumza mbele ya mama yake, yaani hatukuzungumza. Tatu niliwekewa mapajani kidogo. Ana vidole virefu. Anakohoa. Wale wawili nao walianza kwa kukohoa. Zainabu aliniona nikisikiliza, akamchukua mtoto haraka.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimeomba machicha ya nazi nyumba kwa nyumba. Mtu mzima na cherehani yangu, naomba machicha kama kuku. Na gunia la mashudu limeletwa kutoka mtambo wa mafuta wa mjini, nimemlipa dereva kwa kumshonea suruali.

Kondoo ameyapenda kupita kiasi. Leo anaharisha. Mafuta yamemzidi, na kile kidogo alichoongeza kimetoka nyuma. Nimekaa chini nikamwangalia. Nilikuwa karibu kulia, na si karibu tu.

Jumatano, 29 Septemba

Salehe muuza samaki amesimamisha lori barabarani, akamwaga masalio ya matenga yake. Vichwa vya samaki wakavu, dagaa waliovunjika, vumbi. Nimeyazoa yote kabla paka hawajafika. Salehe kacheka, "Fundi, umeanza kupika urojo?" Nikamwambia ni ya kondoo. Akacheka zaidi. Lakini mimi nawaza, kuku huwala hao wakanenepa. Kondoo ana nini?

Nimeyaloweka kutoa chumvi, nikayatwanga, nikachanganya na pumba na maganda makavu. Kwanza amenusa akageuka. Jioni bakuli lilikuwa tupu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Ananona! Mgongo umefunikwa, mbavu sizigusi tena. Mkia umeanza kuwa na uzito. Salehe ananiwekea masalio kila safari. Mimi nala muhogo wa kuchemsha na chumvi, yeye anakula samaki. Sijali. Akinona yeye nimenona mimi.

Jumamosi, 16 Oktoba

Bi Kidawa amekuja kuazima moto, akapita karibu na kondoo, akasimama. Akainama, akamnusa shingoni.

"Kondoo wako ananuka ng'onda."

Nikasema ni bakuli lile la samaki wakavu. Akasema si bakuli, ni yeye. Kwamba aliwahi kulisha jogoo dagaa, akampika, na wanawe wakamwuliza huyu samaki gani. Harufu inaingia nyamani.

Nimemnusa mwenyewe alipoondoka. Manyoya, pumzi, kila kitu. Pua yangu ilikwishazoea.

Nyama ya akika hupikwa tamu. Sukari na tui, ili tabia ya mtoto iwe tamu. Haitiwi ndimu, haitiwi ukwaju, kitu chochote kikali hakiruhusiwi. Sina pa kuificha. Na wazazi hatuili, kwa hiyo sitajua ladha yake. Nitakaa pale nitazame midomo ya watu. Ikinuka, watasema mtoto wa fundi akika yake ilioza. Neno hilo litamfuata Tatu mpaka aolewe. Kama ataishi.

Nimeandika hilo la mwisho na siwezi kulifuta.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimeacha kumpa samaki. Maganda makavu, pumba, machicha kidogo, majani ya viazi niliyoomba kwa Bi Kidawa. Bakuli halijaguswa. Analia mchana kutwa akitazama upande wa barabara.

Nikimlisha samaki atanuka. Nisipomlisha atakonda. Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma na sijapata njia ya tatu.

Jumanne, 19 Oktoba

Mkia umepungua. Nimechukua konzi moja ya dagaa nikampa. Alipoingiza mdomo nikamnyang'anya. Akaning'ata. Nikamchapa kofi, kisha nikamwomba radhi. Hapo ndipo nilipofika, kumwomba kondoo radhi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mtu wa Kibuta amepita na salamu za Zainabu. Tatu ana homa. Ananyonya kidogo kisha anaacha. Mzee anauliza kama nitakuja siku ile au ninawachezea.

Cherehani haijashona leo. Nimekaa tu. Nikienda sasa, nani atambembeleza kondoo mpaka ale? Nisipokwenda na mtoto akifa, nitakuwa nilikuwa huku namkatia kondoo majani ya viazi. Nimeswali, sikumbuki rakaa ngapi. Mwenyezi Mungu, mwache huyu mmoja.

Kondoo ameanza kula majani. Angalau yeye.

Alhamisi, 28 Oktoba

Kibuta. Safari siku mbili, tumelala Kisarawe. Sikutaka atembee akachoma mafuta, basi kila kilima nilimbeba mabegani. Watoto njiani walishangilia. Nguo zangu zote zinanuka.

Tatu yu hai. Homa imeshuka. Mdogo kuliko nilivyomwacha.

Mzee Kibwana alimshika kondoo mkia, akaupima kiganjani. Haukujaa. Ulikaribia. Kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini. "Na wewe, mkwe, huwa unakula?" Akasema kesho baada ya swala ya Ijumaa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimechinja mwenyewe, kwa jina la Tatu. Viungo vimetenganishwa penye maungio, mfupa hata mmoja haukuvunjwa. Tulipofungua, watu walisema mashaallah, mafuta! Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikaona mafuta yenyewe ni laini, ya manjano, yanateleza vidoleni. Si meupe ya kondoo.

Nyama mbichi haikunuka. Chungu kilipochemka, ikaja. Ng'onda, pale pale uani. Mwanamke mmoja akaangalia nyuma kama kuna mtu kapita na samaki.

Nikasogea mpaka mlangoni mwa jiko.

Zainabu alikuwa jikoni na mtoto mgongoni. Alinitazama mara moja tu. Akainua kifuniko, akanusa, akamwaga maji yote ya kwanza. Kisha akashika kisu. Akakata mafuta yote, kila kipande, ya figo, ya mbavu, na ule mkia mzima. Mama yake akauliza, "Unafanya nini, mwanangu?" Akajibu, "Harufu iko kwenye mafuta, mama." Akayatupa mafuta nyuma ya jiko. Majuma yote yale, njaa yangu yote, mbwa wameyalamba wakati napumua mara mbili tatu.

Nyama iliyobaki ilikuwa nyekundu, kavu, kidogo. Akaiosha, akaibandika upya na tui na sukari.

Watu walikula. Nilitazama midomo. Mzee mmoja alitafuna polepole, akaacha, akatafuna tena. Akachukua kipande cha pili. Hakuna aliyesema kitu, si kizuri wala kibaya, mpaka dua. Tatu alinyolewa nywele akiwa mikononi mwangu, hakulia.

Mzee Kibwana naye hakula, babu hali akika. Alininawisha mikono yeye mwenyewe. "Aliukuta mkia mzuri," alisema, "mkeo. Kautupa." Nikasema ndiyo, baba. Kisha: "Mchukue. Msimkimbize mtoto juani."

Jumatano, 3 Novemba

Tuko Pangani. Zainabu amefagia ua mara mbili na kuchoma udi, harufu haijatoka yote. Hakunisema. Aliniwekea ugali na mchicha akakaa mpaka nikamaliza. Nilimwuliza kama alionja nyama ile jikoni. Akasema mama haonji akika ya mwanawe. Basi hatutajua.

Tatu anakohoa kidogo asubuhi, kisha anaacha. Bado naogopa. Nadhani nitaogopa siku zote, na Zainabu vile vile, ila hatusemi.

Kesho watu watatazama mwezi wa mfungo. Kazi ya nguo za Idi imejaa barazani, lakini leo mchana nimeiweka kando. Wale wawili sikuwahi kuwashonea kitu. Nimekata gauni la Tatu, kitambaa cha maua ya buluu. Zainabu amelishika akasema ni kubwa mno. Nimemwonyesha pindo. Nimeacha vidole vinne ndani, vya kufungulia akirefuka.