Kitabu cha Mdachi Kilichosilimu

Jumatatu, 4 Rajabu 1323

Kazi imeisha! Kitabu cha picha cha Bwana Misitu, yule Mdachi msimamizi wa misitu ya Nyamisati, nimekijalidi upya. Mchwa walikula mgongo wote, karatasi zikaachana. Sasa ni ngozi ya mbuzi, uzi wa katani na gundi yangu ya mkorosho. Kibiti nzima hakuna anayejalidi misahafu kama mimi Muhidini — asemaye yupo, amlete.

Na picha zenyewe, lahaula! Mafundi wa Ulaya wa zamani. Kuna sungura kachorwa kwa mistari mitupu, wino mweusi tu, na masharubu yake unayahesabu. Nimemvulia kofia aliyemchora, na mimi sivui ovyo.

Jumanne, 5 Rajabu

Askari wamemkamata Mfaume, mtoto wa dada yangu Mwanabibi. Njia ya Mtawanya, kibuyu mkononi. Eti ni maji ya dawa, yale ya kugeuza risasi kuwa maji, eti kala kiapo cha vita. Kiapo gani! Ni gundi yangu! Nilimtuma mwenyewe akabandike msahafu wa msikitini.

Shauri lake Alhamisi, bomani kwa Wadachi. Waliokutwa na maji hawarudi.

Mwanabibi analia tangu adhuhuri. Nimemwambia, nyamaza dada. Bwana Misitu anapita kesho kuchukua kitabu chake. Mgongo ule ndio shahidi: gundi ya kitabuni na ya kibuyuni ni moja. Akiipenda kazi atanisikiliza. Na ataipenda tu.

Jumatano, 6 Rajabu, asubuhi

Mke wangu Mwantumu kakishika kitabu, kakigeuza, kaangua kicheko. Bwana wee, umekisilimisha!

Nikakasirika. Kisha nikaona. Yarabi! Nimekishona kama msahafu, kinafunguliwa kulia. Wazungu huanzia kushoto. Mkono umezoea, umejiendea wenyewe.

Kukifumua na kukishona tena, gundi ikauke — siku mbili. Sinazo. Basi kiende hivyo hivyo. Mshono hauna kosa. Nimekosea mlango tu.

Alasiri

Tuko barazani alikofikia Bwana Misitu, tumemletea kitabu, mimi na Mwanabibi. Kakifungua kwa desturi yao, akaangukia picha ya mwisho: mama kampakata mwanawe mtu mzima, maiti. Dada kuiona tu, akaketi chini palepale, leso mdomoni. Mwanangu! akalia dada. Mdachi akamtazama, akarudi kuitazama picha. Akakigeuza kitabu, akakigeuza tena. Nikasema moyoni, leo viboko!

Akacheka. Kisha akakwaruza mgongo kwa ukucha, akanusa. Gundi gani hii? Mchwa hawaili?

Hawaili, Bwana. Ya mkorosho. Nyingine iko bomani, kwenye kibuyu, na mpwa wangu kafungwa kwa ajili yake.

Kaingia ndani. Dada ananiuliza, kaka, kaudhika? Sijui, naandika huku nautazama mlango — huyo, katoka! Kofia kichwani, kitabu kwapani, anaagiza punda wake atandikwe, safari ya bomani.