Siku Kivuli Kilipoisha Nkubu

Nkubu, 23 Septemba

Shikamoo Baba,

Miguu inaendeleaje? Leo nimekiona kile ulichotufundisha darasa la sita kwa chungwa na njiti ya kiberiti, nami nikakubishia mbele ya wenzangu kwamba mtu hawezi kukosa kivuli mchana.

Asubuhi ilikuwa ukungu mtupu, nikadhani siku imepotea. Kufika saa sita kukafunguka. Nikatoka shuleni nikaenda sokoni, maana ikweta iko karibu kabisa na hapo, nikasimama wima nikitazama viatu vyangu. Kivuli kikazidi kufupika, na saa sita na dakika ishirini hivi kikaingia chini ya nyayo.

"Mwalimu, umepoteza nini hapo?" Mama Kendi, muuza ndizi, akaniuliza.

"Kivuli changu, mama."

Akatoka kibandani, akajitazama chini, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Kumbe hata changu! Miaka yote nauza hapa na sijawahi kuangalia."

Akanipa ndizi mbivu. Niliila nikilia, Baba, kwa sababu tuliahidiana kuja wote wawili.

Lakini nimepiga hesabu. Kuanzia leo jua linaelekea kusini, na baada ya siku tisa litapita juu kabisa ya Wundanyi. Mwambie Mama akutolee kiti uani kabla ya saa sita na robo, usimamishe mkongojo wako wima, uangalie. Mimi sitafika hadi shule zifungwe. Jua litatangulia.

Nakukumbuka mno.

Binti yako,
Wakesho