Mama Amehamia kwa Wifi Kabla ya Theluji

Ha Rantsane,
Mokhotlong.
26 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu Phakiso,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Kifua chako kinaendeleaje? Mwenzako aliyekuja likizo alisema vumbi la mgodini linakukohoza. Nijibu kwa ukweli, si kama unavyomjibu mama. Sisi tu wazima. Mama naye ni mzima, ila haishi kwangu tena, na hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Baada ya mavuno tulikubaliana akae kwangu msimu wa baridi. Nyumba yangu ni ya nyasi, ya mkeo ni ya bati, na bati la Julai unalijua: usiku linatoa jasho, asubuhi linakudondokea usoni. Nikaanza mapema, na kila kazi nimeiandika katika shajara yangu. Tarehe sita nilibadilisha nyasi zilizooza upande wa magharibi. Tarehe kumi nilikata samadi iliyoshikana zizini, nikaianika kwa ajili ya moto. Kisha nikakandika kuta, ndani na nje.

Na wifi yangu 'Makatleho alifanya nini? Aliweka mawe juu ya bati lisipeperuke. Basi. Halafu akaja kunitazama nikiwa na udongo hadi viwikoni.

"Wifi, hii nyumba au chungu? Umebakiza kifuniko tu."

Akacheka, na mama akacheka naye. Maneno ya mkeo nimeyazoea, lakini kicheko cha mama kiliniuma.

Basi nikaziba hata ule mwanya wa juu, kati ya ukuta na nyasi, kuzunguka nyumba nzima. Nilitaka mama awaambie wanawake wote wa kanisani kwamba hakuna nyumba yenye joto kama ya Moliehi. Najua mwanya ule ndio njia ya moshi, usinikumbushe. Nilidhani mlango ungetosha.

Jioni ya jalidi ya kwanza niliwasha moto. Mama alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Moliehi, fungua mlango."

"Mama, joto litatoka."

"Litoke! Mimi si nyama ya kukausha, mwanangu."

Nikaufungua kidogo tu. Mama akajifunga shali, akakunja mkeka wake, akavuka uwanja. Nilimsikia mkeo akimpokea: "Karibu mama, kwangu upepo hauzuiwi, unaingia na kutoka bila hodi." Wakacheka tena.

Tangu siku ile yuko huko. Kinachonichoma zaidi ni kwamba anamfundisha mkeo kuchora mistari ya vidole kwenye udongo mbichi wa ukuta. Kazi ile alinifundisha mimi peke yangu, nikiwa msichana, na nilidhani itabaki yetu sisi wawili. Jana nilikwenda kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kuona ukuta. Mistari ya mkeo imepinda, na mama anaisifu.

Mwanya nimeshauzibua, moshi unatoka vizuri. Nimemwambia mama hivyo, akanijibu, "Nitakuja mwanangu, tukimaliza ukuta." Lakini mkeo anachora mstari mmoja kwa siku, na leo vilele vyote vya kaskazini vimefunikwa na wingu jeupe.

Mwanao Katleho hajambo, anakuulizia. Mpe salamu zangu mjomba Rantelali hapo kambini, na umwambie avae viatu vikavu. Mungu akutoe salama chini ya ardhi kila siku unaposhuka.

Nina ombi moja. Blanketi la mama la mwaka huu usilitume kwa mkeo kama ulivyozoea. Litume kwangu, kwa jina langu. Theluji ikianguka atalitaka, na akija kulichukua atakuta moto unawaka na chai iko tayari. Asiondoke tena kwangu mara ya pili, hilo niachie mimi.

Dada yako akupendaye, hata unapompenda mkeo zaidi,
Moliehi