Ukucha wa Baba

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: baba yangu haoni vizuri, na yeye ni fundi wa injini.

Leo Ijumaa, Somanga kuna joto la kugandisha gauni mgongoni. Mawingu yamejaa upande wa Matumbi tangu asubuhi. Mvua ikishuka kabla trekta letu halijalima, ufuta wa mwaka huu tuusahau.

Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Siku hizi nashinda uani na Baba, tunaunda upya injini ya trekta hilo kuukuu. Mimi ni mtu wa kushika spana na kunyamaza. Yeye pia hapendi maneno mengi. Lakini nimeona. Kila penye maandishi madogo husema, "Nisomee hapo mwanangu, mikono yangu ina grisi."

Kusoma hakuhitaji mikono.

Mbele ya injini kuna gia mbili zinazoumana, kila moja ina kitone. Vitone lazima vitazamane. Baba alinifundisha mwenyewe, macho yake yakiwa bado mazima: visipotazamana, valvu zinafunguka wakati si wake, pistoni zinapanda na kuzigonga. Injini inakufa siku ile ile ya kufufuka. Na sisi hatuna nyingine.

Leo kabla ya swala hakuvitazama. Alivipapasa kwa ukucha. Gia ya juu imemeguka kidogo pembeni ya kitone, jeraha la zamani, na ukucha wake ukanasa pale pale, akadhani pengo lile ndilo kitone.

"Tayari," akasema. "Nikirudi msikitini nafunga kava, tunawasha."

Nikafungua mdomo. Ila Ba'mdogo Sefu alikuwa kasimama pale, amekuja kumpitia, anacheka: "Kaka, hii ikiwaka leo nauza baiskeli, nanunua ndege!"

Nikaufunga.

Ba'mdogo akijua jambo, jua halizami Somanga nzima haijajua. Fundi asiyeona nani atamletea injini?

Walipoondoka nikachukua spana. Hotuba ilisikika kwenye kipaza sauti cha msikiti, nami nikawa napima muda kwa sauti ya imamu. Nilifungua boliti za gia ya juu, nikaitoa, nikaizungusha, nikairudisha. Vitone vikatazamana. Nilipokuwa narudisha boliti, moja ikaniponyoka, ikatumbukia chini kwenye bakuli la oili, tumboni mwa injini.

Nililia kidogo. Kisha nikafunga sumaku ya spika mbovu kwenye waya, nikaanza kuvua. Hotuba ikaisha. Swala ikaanza. Wenzangu wanarukuu, mimi naomba Mungu anipe boliti.

Akanipa. Nilikuwa naikaza niliposikia kandambili zao njiani.

Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Mikono yangu nikaificha nyuma. Ya Baba ilikuwa safi, ndiyo kwanza anatoka kuswali. Akainama, akaweka ukucha kwenye gia.

Ukucha haukukuta pengo pale ulipoliacha.

Akaupitisha tena. Ba'mdogo akasema, "Vipi Kaka, imekuuma?"  Baba akaninyooshea uso, si macho hasa, uso.

"Vitone vinatazamana?"

Hakutaja grisi.

"Vinatazamana, Baba." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Una hakika?"

Sijawahi kuwa na hakika ya kitu mbele za watu. "Nina hakika."

"Nipe kava."

Tukafunga kava, tukarudisha puli na rejeta, tukajaza oili. Baba akapanda, akapiga stata. Injini ikakoroma, ikazima. Nikafumba macho nikisubiri mlio wa chuma kugonga chuma. Akapiga tena. Moshi mweusi, halafu mweupe, halafu ngurumo iliyotimua kuku wote uani. Haikuzima.

"Sefu!" Baba akapaza sauti juu ya ngurumo. "Ndege yako itatua wapi?"

Ba'mdogo na majirani waliovutwa na ngurumo wakacheka, wakampongeza, wakamwita fundi wa mafundi. Nami nilitaka wamwite hivyo. Lakini nilipomtazama hakuwa akicheka nao. Alikuwa anajitazama ukucha, ameuleta karibu kabisa na pua.

Sijui atasema lini. Labda kesho, tukiwa wawili shambani. Labda nitalazimika kuanza mimi, na kuanza ndicho kitu nisichokiweza.

Wewe unayesoma hapa, kama umetutambua, nakuomba: ukipita kwetu msalimie, lisifie trekta, nenda zako. Hili la macho usimwambie mtu. Mwachie alitoe mwenyewe.