Bamba la Kutu

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima huku Ujerumani, ila nimechoka kula mikate. Barua hii nimemtumia Julius kwenye simu akusomee.

Juzi uliniuliza, "Hiyo betri yenu inakula jua yenyewe?" Ndiyo, Baba. Hapo Kansay sola iko juu ya bati na betri iko ndani. Yetu ni kitu kimoja: bamba dogo limezama kwenye chupa ya dawa, linapokea mwanga na kuugeuza umeme, nayo dawa inautunza. Tumelipaka kutu ya chuma, ileile inayoupa udongo wetu wekundu. Shida ni kwamba dawa ilikuwa inalila. Nikalifunika kwa utando. Ukiwa mnene, umeme haupiti. Ukiwa mwembamba, dawa inapenya. Jumatatu niliupatia, na hadi leo Ijumaa bamba linafanya kazi. Kona moja imegeuka nyeusi, na natamani mno kujua kwa nini.

Profesa ameniambia, "Usiondoke sasa, Lukresia."

Lakini Julius amenieleza kwamba tangu Pasaka huinuki kitandani, na kwamba ulimkataza asiniambie. Usimgombeze mdogo wangu. Kila nilipokuuliza hali yako, ulinirudisha kwenye bamba.

Bamba nimemwachia mwenzangu. Jumapili ndege yangu inatua Kilimanjaro. Najua utafoka. Foka tu, Baba, lakini utanifokea nikiwa nimekaa hapo kitandani kwako.

Mwanao,
Lukresia